Sketi Nyekundu Haivuki Daraja

Vichalab, 9 Mei 1982

Dada yangu Jacinta,

Pokea salamu zetu, sisi wawili tuliobaki katika nyumba hii. Mimi mzima, Feliciana mzima, na kuku nao wazima ingawa jogoo kaishia kwenye sufuria ya watu nisiowapenda. Mahindi ya bondeni yametoka vizuri. Ya juu mlimani sijui, huko hatukanyagi tena tangu walipomchukua baba yake Feliciana. Shemeji hajambo? Kifua chake kimepoa? Mwambie tumbaku haijawahi kumponya mtu kikohozi.

Barua hii kaibeba Mzee Serapio ndani ya gunia la chokaa, kwa hiyo ikung'ute kabla hujaisoma. Wanajeshi hawamgusi mzee. Nao wanakula tortila za mahindi kama sisi, na bila chokaa mahindi hayachemki yakamenyeka. Ndiyo maana nakuandikia wazi. Ukimaliza itie motoni.

Sasa nisikilize. Kambi iliyopo kwenye shule imeongezeka watu na wanataka wapishi. Wanaita wasichana kwa zamu, upande kwa upande wa kijiji. Wake za watu hawawataki, wanasema wasichana wana mikono myepesi. Binti wa jirani yetu Gaspar alikwenda kabla ya Pasaka. Amerudi. Anasaga, anafua, anakula ukimwekea mbele. Zaidi ya hapo sikuambii, na wewe usiniulize.

Zamu ya upande wetu ni baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwisho wa Julai. Feliciana ana miaka kumi na mitano. Nipe akili, dada, mimi zangu zimekwisha.

Mdogo wako, Engracia


Chuwaxik, 30 Mei 1982

Mdogo wangu Engracia,

Barua imefika, na chokaa yake imefika puani. Sisi huku tupo. Shemeji yako bado anakohoa na bado anavuta, na nikimsema anajifanya hasikii. Huku bei ya kahawa imekufa, watu wanauza nguruwe. Nashukuru Mungu kwamba mko wazima.

Nimesoma, nimeelewa, na sikuulizi. Mlete mtoto kwangu. Haraka.

Ila hawezi kuja alivyo. Unajua wanavyofanya pale darajani: lori likifika, kila sketi nyekundu inashushwa. Mwanamke wa Vichalab anajulikana toka mbali, hata hajafungua mdomo. Lakini wanawake wa Chuwaxik wanaokuja kwenu kila Jumapili kuuza vyungu na parachichi, hao wanapita asubuhi na kurudi jioni, kwa sababu huku wanaume wetu wamekubali kushika doria pamoja na jeshi. Basi Feliciana atavuka akiwa msichana wa Chuwaxik. Sketi ya bluu, blauzi ya huipili nyeupe yenye zambarau shingoni, mshipi, utepe wa nywele, vyote nitavileta kwa njia hii hii. Huipili naifuma mwenyewe, nimeshafika kifuani.

Wewe kazi yako ni moja tu: mtayarishe mtoto, na usimwambie mtu, hata Gaspar.

Dada yako, Jacinta


Vichalab, 20 Juni 1982

Dada Jacinta,

Hatujambo. Mvua inanyesha kupita kiasi na kuni hazikauki. Feliciana anakusalimu, anasema mama mkubwa amsalimie yule paka wako mchoyo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu, nikiisoma na kuiacha. Unaniambia nimvue mwanangu. Unaliandika kama kumvua mtu koti la mvua. Unajua nina nini kwenye mtande sasa hivi? Huipili yake ya harusi. Nimeianza tangu alipovunja ungo, ina ndege wawili na farasi mmoja na mahindi yake begani, kama alivyonifumia mama na kama alivyokufumia wewe. Mtu akivaa nguo ya Chuwaxik akafa njiani, watamzika Chuwaxik. Nani atajua ni mtoto wa nani?

Halafu kuna hili. Mzee Serapio kanidondoshea neno, hakukusudia, maskini, alidhani najua. Anasema siku hizi sketi yako nyekundu haionekani, unakwenda kanisani umevaa bluu kama mama mkwe wako. Miaka ishirini umeolewa huko, ulikuwa unajigamba kwamba mume umemfuata lakini nguo zao hapana. Kumbe. Ndiyo maana vazi la Chuwaxik limekuwa jepesi kwako. Wewe umeshajivua, sasa unatafuta mwenzako.

Nipe muda. Labda kamanda atahamishwa. Watu wanasema atahamishwa.

Engracia


Chuwaxik, 4 Julai 1982

Engracia,

Salamu. Wote wazima. Paka kasalimiwa.

Kamanda hatahamishwa, na hata akihamishwa ataletwa mwingine mwenye njaa ile ile. Muda unaoniomba si wangu.

Kuhusu sketi yangu, ndiyo, nimeivua. Nilitaka nikuambie uso kwa uso, basi umeambiwa na muuza chokaa. Mwezi wa pili wanajeshi walimkamata mwanamke wa Vichalab hapa hapa sokoni Chuwaxik, alikuwa kaja kuuza nyuzi. Nilikuwa mbali naye kiasi cha meza kadhaa. Waliangalia sketi yake, wakamwondoa. Mama mkwe wangu akanivuta nyuma ya mahema ya nguo, akanifunga sketi yake juu ya yangu, huku ananitukana kwa kiburi changu. Sketi yangu sasa iko darini chini ya mahindi. Sikuichoma. Uniseme utakavyo.

Mzigo uko ndani ya gunia la pili la Mzee Serapio, lenye fundo la kamba nyeusi. Huipili ni mpya, lakini nimeifua na kuianika juani, nikaifua tena, na mpwa wa shemeji yako kaivaa akipika mpaka ikashika moshi. Nguo mpya inayonukia pamba ingemponza. Sasa fuata maneno yangu, usiongeze lako:

Sketi aizungushe mkono wa kulia juu, mikunjo iwe mbele. Kwenu mnakunja upande. Mshipi akaze chini ya kitovu. Utepe wa nywele auzungushe kichwani na ncha zake azichomeke ndani zisionekane, hivyo ndivyo alivyonifundisha mama mkwe. Kile kilemba chenu chenye vishada asikiguse. Asivae shanga. Asibebe chakula chochote cha kwenu, hata kipande. Lugha ya huku anaijua kidogo na lafudhi itamsaliti, basi afungwe kitambaa shavuni, jino linamuuma. Jino bovu linaeleweka kila mahali.

Jumapili jioni achanganyike na wanawake wa vyungu wanapopanda lori. Anyamaze. Nitamngojea kwangu.

Ukichelewesha kwa ajili ya ndege wawili na farasi, usije ukanililia mimi.

Jacinta


Vichalab, 18 Julai 1982

Dada,

Ameondoka jioni hii. Nilimvalisha mwenyewe jikoni. Nilimfunga utepe nikaufungua nikamfunga tena. Alipogeuka sikumjua. Nilisimama na mwanangu jikoni kwangu kama nimesimama na mgeni, na yeye akaona usoni mwangu kwamba sikumjua, akaanza kulia. Nikamwambia vizuri, lia, jino linauma.

Nimemwona akipanda. Lori limekwenda. Niandikie neno moja tu kwamba amefika.

Engracia


Vichalab, 15 Agosti 1982

Jacinta,

Mzee Serapio amekuja mara mbili bila barua. Namuuliza, anaangalia miguu yake. Anasema hakukukuta nyumbani. Wewe tangu lini huwi nyumbani?

Leo ni sikukuu ya Mama Maria, watu wamepika tamali na mimi sikuwasha moto. Kambini waliniuliza Feliciana yuko wapi. Nikasema kakimbia na mwanaume. Luteni wao akacheka sana. Sitakuandikia yaliyofuata.

Mwanangu amefika au hakufika? Jibu hilo ni neno moja, hata ukiwa na shughuli kiasi gani.

E.


Chuwaxik, 22 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Shemeji anaendelea vizuri, siku hizi anavuta kidogo. Mahindi mabichi yameanza, tumeshakula ya kuchoma. Nilikuwa na homa, ndiyo maana sikuandika.

Mzigo umefika. Uko mahali pakavu. Usiwe na wasiwasi.

Jacinta


Vichalab, 5 Septemba 1982

Jacinta,

Mzigo? Mwanangu ana jina. Nilimpa mimi, na baba yake akaliandikisha, na wewe ulimbeba kanisani siku ya ubatizo nusura umwangushe. Feliciana. Liandike.

Na "mahali pakavu" ni wapi? Angekuwa kwako ungeandika "yuko kwangu". Angekuwa kwako angeongeza mwenyewe mstari chini, mtoto yule anapenda kuandika, hata kwenye ukuta wa jiko anaandika kwa mkaa. Wewe homa gani hiyo inayokuzuia kusema ukweli lakini haikuzuii kula mahindi ya kuchoma?

Nimezoea watu wenye bunduki kunificha mambo. Sikutegemea kwako. Kama amekufa niambie amekufa, nijue namna ya kuvaa.

Engracia


Chuwaxik, 26 Septemba 1982

Mdogo wangu Engracia,

Feliciana hajafa. Feliciana anakula, analala, amenenepa kidogo usoni. Nimeliandika jina lake, na nitaliandika tena. Feliciana.

Lakini hayuko kwangu. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza nimtoe alipo, na nimeshindwa. Sasa kaa chini nikueleze kama nilivyosimuliwa.

Kosa ni langu. Lori lilisimama darajani, wanawake wakashuka, wanajeshi wakawatazama sketi wakawapita, sketi zote bluu. Mtoto alikuwa na kitambaa chake shavuni, kimya. Wangepita. Ila pamoja na wanajeshi alikuwepo Casimiro, mkubwa wa doria ya hapa, mtu wa Chuwaxik hasa, mama yake fundi wa mishipi. Mwanajeshi anaona sketi tu. Casimiro aliona utepe.

Msichana wa Chuwaxik haufichi utepe wake. Ncha zinaning'inia mgongoni mpaka siku anayoolewa, ndipo mama mkwe anazichomeka ndani. Mimi nilikuja huku nimeshaolewa, na nguo zao nimeanza kuvaa mwaka huu. Nimefundishwa cha mwanamke tu, nikakufundisha hicho hicho. Nawaona wasichana wa hapa kila siku na ncha zao mgongoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Wewe ukamfunga mtoto wa miaka kumi na mitano kama mke wa mtu.

Casimiro akamwambia, "Wewe mwenye shavu. Mke wa nani wewe?"

Feliciana akashika shavu. Mwanamke mmoja akasema jino linamuuma.

"Sikuuliza jino. Harusi zote za Chuwaxik nimezihudhuria na pombe yake nimeinywa. Wewe sikukunywea."

Hapo, mdogo wangu, wanawake wote wakaangalia mtoni. Walishamjua si wao, tangu kwenye lori walimjua, na kila mmoja ana watoto nyumbani. Ndipo akajitokeza Mama Nicolasa, muuza parachichi, mjane, mkali kuliko pilipili zake. Akamkamata Feliciana mkono, akamwambia Casimiro, "Hiyo pombe ndiyo imekuharibu kichwa. Humjui mke wa mwanangu Anselmo?"

"Anselmo kaoa lini?"

"Kaoa siku chache kabla hamjamtia kwenye lori la jeshi pale sokoni. Sikuchinja nguruwe wala sikukualika, ndiyo kinachokuuma? Basi kamuulize Anselmo mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwonyesha kwa kidole, wewe ndiye unajua yuko wapi. Mimi sijui. Mimi niliachiwa huyu tu."

 Anselmo alikuwa rafiki wa Casimiro tangu utotoni, na ni kweli Casimiro ndiye aliyemwonyesha. Akawaambia wapande. Lakini lilipoondoka akapiga bodi la lori akasema, "Nitakuja kula tortila za mkweo, mama."

Na amekuja. Anakuja wakati wowote. Ndiyo maana Feliciana hawezi kuhamia kwangu: mke wa Anselmo anakaa kwa mama yake Anselmo, na Casimiro anahesabu. Mimi namwona kanisani tu. Ninapita ubavuni pake nikimtazama mtakatifu.

Nikwambie na la chakula, kwa maana nimeapa sikufichi tena. Mwezi uliopita mtoto aliona majani machanga ya maboga uani kwa Nicolasa, moyo ukamshinda. Akatengeneza boshboli. Unga wa mahindi umeviringishwa ndani ya majani, mchuzi wa mbegu za maboga zilizokaangwa, kila kitu kama wewe. Huku hakuna anayejua kupika kitu hicho. Casimiro akaingia bila hodi, akafunua chungu, akauliza, "Hiki si chakula cha Vichalab?"

Nicolasa akasema, "Nimekitaka mimi. Nauza kwao kila Jumapili, unadhani huko nakula mawe? Kaa ule au toka nje, moto wangu hauhitaji mlinzi."

Akakaa. Alikula sahani mbili, dada yako sina uongo. Alipomaliza alinawa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie asipike tena hiki. Mlango wenu hauzuii harufu." Akaondoka zake. Mpaka leo hatujui alituonya au alitutishia. Nicolasa anasema vyote viwili.

Nisamehe. Kama hutaweza sasa, ngoja kwanza.

Jacinta


Vichalab, 17 Oktoba 1982

Dada Jacinta,

Nilipomaliza kusoma nilitupa jiwe la kusagia likavunja ukingo wa jiko. Nilikulaani kwa sauti. Nilikutukana wewe, utepe wako na mama mkwe wako aliyekufundisha. Mwanangu kaolewa na mtu asiyekuwepo, bila mimi kula hata tortila ya posa, bila nguruwe, bila huipili yake. Nimeifuma mpaka mwisho, unajua? Imekwisha. Iko kwenye kamba hapa inanitazama.

Halafu hasira zikapoa nikaona jambo. Ungenifundisha utepe wa wasichana, angepita, angekaa kwako, msichana wa Vichalab kwa mwanamke wa Vichalab, na siku ya kwanza ya kukagua nyumba yako wangempata. Sasa ni mke wa mtu. Wake za watu hawaitwi kambini, wala huku wala huko. Sikushukuru. Nakuambia tu nilichokiona.

Mwambie Mama Nicolasa kwamba mtoto hapendi kuamshwa kwa kelele, anatetemeka siku nzima. Na pilipili asimpe nyingi, zinamuuma tumbo, yeye hatasema. Na Anselmo, akirudi, nitazungumza naye mimi mwenyewe, asimguse kwanza mpaka nizungumze naye. Mwambie hivyo. Halafu mwambie naomba arudi.

Mimi ndiye napika kambini sasa. Luteni alisema nyumba iliyokimbiwa na msichana haikimbiwi na zamu. Nakwenda alfajiri, narudi jua likizama. Usiniulize kingine, kama nilivyokuomba mara ya kwanza. Mikono yangu mizima.

Engracia


Chuwaxik, 28 Novemba 1982

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako mapajani nikashindwa hata kuichoma. Sikukuuliza na sitakuuliza. Shemeji yako kaisoma, kisha katoka nje bila kofia, na baridi hii.

Nakuandikia jambo moja, ulishike. Casimiro kamwambia Nicolasa kwamba watu wameanza kusema. Mkwe gani huyo haendi sokoni? Wake wa Chuwaxik wanabeba parachichi kwenda Vichalab kila Jumapili, huyu anafichwa kama dhahabu. Amesema ampeleke, na yeye mwenyewe atapanda lori lile. Nicolasa kakataa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu haiwezekani. Watakuja tarehe kumi na mbili Desemba.

Engracia, usije sokoni siku hiyo. Nakujua uso wako, haujawahi kuficha kitu, tangu tukiwa watoto mama alikuwa anakutazama wewe ili ajue nilichoiba mimi. Ukimwona utamwita. Na akikuona yeye, sijui. Ana miaka kumi na mitano tu. Jifanye mgonjwa. Jifungie. Funga shavu wewe sasa.

Nakusihi kama dada yako mkubwa, na sijawahi kukusihi.

Jacinta


Vichalab, 13 Desemba 1982

Dada yangu Jacinta,

Salamu kwako na kwa shemeji. Naandika nikiwa mzima, na tuliowaogopea ni wazima. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Nilikusudia kukutii. Nilishajifunga hata kitambaa. Lakini jana asubuhi kule kambini walitaka supu ya kuku na parachichi kwa ajili ya mkubwa wao aliyekuja kwa helikopta, na mpishi ndiye anayetumwa sokoni. Nikasema naumwa. Luteni akasema basi nenda ukiumwa. Akanipa mwanajeshi wa kubeba kikapu. Kijana wa pwani, alinifuata hatua kwa hatua na bunduki begani na kikapu mkononi.

Parachichi jana ziliuzwa na mtu mmoja tu. Nilizunguka soko lote nikitafuta mwingine, Mungu ni shahidi. Nilikwenda kwa nyanya, nikaenda kwa chumvi. Kijana akasema, "Mama, parachichi zile pale, unazunguka nini?"

Walikuwa chini ya ukuta wa kanisa. Mama Nicolasa mbele, mweusi wa jua, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Casimiro amesimama pembeni anakula chungwa. Na yeye. Amekaa kwa magoti, sketi ya bluu, mikunjo mbele, utepe umechomekwa ndani vizuri, hakuna aliyeukosea safari hii. Amekua, dada. Ana mabega.

Halafu nikaona jambo la kunimaliza. Soko zima limemjua. Nani asimjue, si wamemlea? Mke wa Gaspar alikuwa ananunua kwake na kulalamika bei. Binti wa Gaspar, yule asiyesema tangu atoke kambini, alikuwa amechuchumaa mbele yake akiminya parachichi moja moja, na alisema, nilimsikia, alisema, "Hii bado ngumu." Wakulima wa juu, mwalimu wa katekisimu, wote wanapita, wanauliza bei, wanaondoka. Hakuna aliyetaja jina. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nikachuchumaa. Yeye akaangalia chini. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa mkeka.

Nikasema, "Bei gani hizi?" Sikuwa na neno jingine mdomoni, dada, na yeye akajibu kwa lugha yao, akanionyesha vidole. Lafudhi safi. Nikasema ghali. Akanishushia. Nikasema bado ghali. Mama Nicolasa akaingilia, "Huyu naye, anataka tumpe bure? Jeshi lina pesa kuliko sisi." Yule kijana wa pwani akacheka. Nami nikamjibu Mama Nicolasa, sijui nilitoa wapi ulimi, nikamwambia jeshi lina pesa, mpishi wake hana. Casimiro akaacha kula chungwa.

Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Kwa muda mrefu. Uso wangu unaujua, umeniambia mwenyewe. Nilijua kwamba ameona. Nikangoja afungue mdomo. Akamgeukia kijana wa pwani akamwomba moto wa sigara, akamsogeza kando kidogo, akaanza kumuuliza habari za kwao.

Feliciana akaanza kunihesabia. Akanijazia nilizolipia. Kisha akaongeza moja ya nyongeza, kama wanavyofanya wauzaji wote. Nikasema ahsante. Akaongeza nyingine. Nikasema inatosha. Akaongeza nyingine, haniangalii, anachagua zile laini za kuliwa siku hiyo hiyo, anazifuta kwa kitambaa chake, anaziweka. Mama Nicolasa akasema, "Mke wa Anselmo, unataka turudi nyumbani na mkeka mtupu?" lakini hakumshika mkono. Akaongeza nyingine. Kikapu kikajaa. Akaanza kuziweka mapajani mwangu.

Nilisema inatosha, mwanangu, inatosha, kama anavyosema mteja yeyote kwa msichana yeyote. Na moyoni, dada, nilikuwa naomba asinisikie, aendelee kuongeza.

Mdogo wako, Engracia